Mifupa ya Mtwapa na Nasaba Zetu: Uhakiki wa Utafiti wa Vinasaba vya Kale vya Pwani

Tarehe 29 Machi 2023 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti juu ya vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani katika miji sita ya pwani yetu na mji mmoja wa bara. Waandishi wake ni wengi. Miongoni mwao wamo Esther Brielle na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard, Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia wa Kenya aliyefukua Mtwapa kwa miaka mingi, na Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, ambao wamefanya kazi Songo Mnara. Hatukumbuki makala ya sayansi iliyozungumzwa zaidi kuliko hii katika majumba ya jamaa zetu walioko Uingereza, Oman na kwengineko. Kila upande umeipokea kama hukumu ya kadhi. Mmoja anasema Ushirazi sasa umethibiti. Mwengine anasema wazungu wamerudi na hadithi yao kongwe, kwamba kila jiwe lililojengwa pwani liliwekwa na mgeni. Wengi wa pande zote mbili wamesoma vichwa vya habari tu.

Nia yetu hapa ni kuusoma utafiti huu kama tunavyosoma waraka wowote wa historia: nani anasema, anasema juu ya nani, ushahidi wake umepatikana vipi, na unakomea wapi. Tunatanguliza rai yetu. Kazi hii ni nzito, na mwanahistoria wa pwani hawezi tena kuandika kama kwamba haipo. Lakini jambo kubwa lililomo ndani yake silo lililotangazwa. Kilichotangazwa ni habari ya mababa Waajemi. Kilicho kikubwa zaidi ni habari ya mama, na hiyo ndiyo inayozigusa hati za nasaba tulizozibeba katika masanduku yetu tulipohama.

Kwanza neno lenyewe. Kiswahili kimekipa kitu hiki jina la vinasaba, yaani nasaba ndogo ndogo. Jina ni zuri, ila lina mtego. Nasaba kwetu ni jambo linalosemwa na kushuhudiwa: fulani bin fulani bin fulani, mpaka kwa mkuu wa kabila. Juu yake husimama mirathi, kufu katika ndoa, na heshima ya nyumba. Kinasaba ni kemikali iliyomo mwilini. Haijui jina la mtu wala haijui ndoa. Viwili hivi hukutana mara nyingi, lakini si kitu kimoja. Mtu akihesabu vizazi kumi kwenda nyuma, ana nafasi 1,024 za wazee. Mtoto huchukua nusu kwa baba na nusu kwa mama, na kila anapochukua, mafungu hukatwa upya bila ya usawa. Kwa hivyo wengi katika wazee hao wa kizazi cha kumi hawakuacha chochote mwilini mwa mjukuu wao wa leo, ingawa bila wao asingezaliwa. Nasaba inaweza kuwa sahihi kabisa na isionekane katika vinasaba.

Njia mbili tu ndizo zisizochanganyika. Kromosomu Y hupita kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume peke yake, kama nasaba za Kiarabu zinavyoandikwa. Mitokondria hupita kwa mama kwenda kwa watoto wake wote, na binti zake ndio wanaoipeleka mbele. Njia hii ya pili haina mfano wake katika vitabu vyetu vya nasaba, na tutairudia.

Sasa namna kazi inavyofanyika. Pwani yetu ni mahali pabaya kwa mtafutaji wa vinasaba. Joto na unyevu huvikatakata vinasaba baada ya mtu kufa, na mifupa mingi ikichimbuliwa huwa haina tena kitu cha kusomeka. Ndiyo maana Ulaya na Siberia zilitangulia mbali, na Afrika ikabaki nyuma. Mlango ulifunguka wataalamu walipotambua kwamba mfupa mgumu kuliko yote, ule unaolizunguka sikio la ndani, huhifadhi vinasaba hata pale mifupa mingine iliposhindwa. Hutobolewa kidogo, unga wake ukachukuliwa katika chumba kisafi, na vipande vifupi vilivyomo vikasomwa kimoja kimoja. Vinasaba vya kale vina alama yake: ncha zake huwa zimeharibika kwa namna maalumu, na kwa alama hiyo huweza kutengwa na vya yule aliyeushika mfupa jana.

Vinasaba vikishindwa, protini hubaki muda mrefu zaidi, hasa katika enameli ya jino. Mwaka 2025 jarida hilo hilo la Nature lilieleza juu ya protini zilizopatikana katika meno ya wanyama wa bonde la Turkana, Kenya, yenye umri wa hadi miaka milioni 18. Vinasaba haviwezi kuishi muda huo katika joto lile. Protini ya enameli huweza pia kumwambia mtafiti kama jino ni la mwanamume au la mwanamke, hata likiwa la mtoto mdogo ambaye mifupa yake haionyeshi tofauti. Lakini protini haiwezi kumpambanua Mwajemi na Mwarabu wala Mmijikenda na Mpokomo. Kwa suala la asili za watu wa karne za karibuni, vinasaba ndivyo shahidi.

Shahidi huyu amesema nini? Makaburi yaliyopimwa ni ya baina ya mwaka 1250 na 1800, katika miji ya Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara na Lindi, pamoja na Makwasinyi iliyoko bara ya Kenya, ambayo mabaki yake ni ya baada ya 1650. Kwa wengi wa watu wa miji ya pwani, zaidi ya nusu ya vinasaba vyao ni vya asili ya Afrika, na vimetoka zaidi kwa wanawake. Fungu kubwa lililobaki, na kwa baadhi yao zaidi ya nusu, ni la asili ya Asia. Katika fungu hilo la Asia, asilimia 80 mpaka 90 inatokana na wanaume Waajemi, na sehemu ndogo inahusiana na Bara Hindi. Mchanganyiko ulianza karibu na mwaka 1000. Kabla ya 1500 asili ya Asia ya Kusini-Magharibi ilikuwa zaidi ya Kiajemi; baada ya hapo ikazidi kuwa ya Kiarabu. Tena, watu wa pwani wa leo si nakala ya hao wa zamani, kwa sababu watu wameendelea kuja, kutoka bara na kutoka baharini.

Tuanze na yale ambayo utafiti huu umeyafanya vizuri. Kwa karne nzima historia ya pwani ilivutwa kama kamba. Waandishi wa zama za ukoloni waliuona msikiti wa mawe wakamtafuta Mwarabu au Mwajemi aliyeujenga. Baada ya uhuru, na kwa haki, wanaisimu na wanaakiolojia waliivuta upande wa pili. Derek Nurse na Thomas Spear walionyesha mwaka 1985 kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu katika mizizi yake, ndugu wa Kimijikenda na Kikomoro. Mark Horton alifukua Shanga akakuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwengine, wa mwanzo ukiwa wa karne ya nane, katika mji uliokua kutoka kijiji cha wenyeji. Basi hadithi za Shirazi zikaanza kusomwa kama ishara tu: njia ya watu wa mji kujipa heshima mbele ya wageni wa Kiarabu waliokuja baadaye. Rai hiyo ilikuwa na nguvu, nasi tuliisomesha. Sasa mifupa inasema kwamba nyuma ya ishara walikuwako watu.

Anayekijua Kitab as-Sulwa fi Akhbar Kulwa hatashangaa sana. Nakala yake iliyoko Maktaba ya Uingereza, London, ilinakiliwa Zanzibar mwaka 1877. Inasimulia safari ya majahazi saba yaliyotoka Shiraz, na kisiwa cha Kilwa kilivyonunuliwa kwa nguo. Mreno João de Barros, aliyeandika mwaka 1552 akitegemea habari zilizopatikana Kilwa, anaongeza jambo ambalo wapenda Ushirazi hulipita haraka: kwamba Ali, mwasisi wa Kilwa, mama yake alikuwa Mhabeshi, na ndugu zake wakamdharau kwa ajili hiyo. Mapokeo yenyewe basi hayakudai damu safi. Tangu mwanzo wa hadithi, mama wa sultani wa kwanza ni Mwafrika. Katika hili mifupa na mapokeo yamekubaliana, na hakuna aliyemwambia mwenzake la kusema.

Jambo la pili zuri halikuelezwa sana na magazeti. Katika makaburi hayo wengi hawakuwa wageni. Mchanganyiko uliomo mwilini mwao ulikuwa na umri wa karne kadhaa walipofariki. Mtu aliyezikwa Mtwapa akiwa na babu Mwajemi wa vizazi vingi nyuma hakuwa Mwajemi, kama vile mjukuu wa mjukuu wa Mngazija aliyezaliwa Malindi ya Unguja si mgeni Unguja. Alizaliwa pwani, akazikwa pwani, na hatuna sababu ya kudhani kwamba alisema lugha nyengine isiyokuwa ya mama yake. Al-Masudi, aliyesafiri bahari hii mwanzoni mwa karne ya kumi, aliandika kwamba Waislamu wa Qanbalu walisema lugha ya Zanji. Wanaotumia utafiti huu kusema kwamba Waswahili walikuja na majahazi wameusoma kinyume.

Hata hivyo kuna mambo manne tunayoyapinga au tunayoyatilia mpaka.

La kwanza ni makaburi ya nani. Mabaki mengi ya pwani yalitoka sehemu zilizo karibu na msikiti na katika makaburi ya mawe. Hao ni wenye mji. Mvuvi, mkulima wa viungani, mtumwa aliyelima shamba la bwana wake na kuzikwa bila alama, hawamo au wamo kidogo. Waandishi wenyewe wanalikubali hilo ndani ya makala, lakini kichwa cha makala kinasema juu ya watu wa zama za kati wa Pwani ya Waswahili, kama kwamba ni wote. Unguja haimo, Pemba haimo, Mombasa yenyewe haimo, Ngazija haimo. Ukiyasoma makaburi ya ukoo mmoja wa Mji Mkongwe hupati habari ya Makunduchi.

La pili ni maana ya neno Uajemi. Katika kazi ya namna hii Mwajemi ni mtu ambaye vinasaba vyake vinafanana na vya watu waliopimwa kutoka nchi ya Iran kuliko vya wengine waliomo katika orodha ya kulinganishia. Hiyo si habari ya mji, si ya lugha, si ya madhehebu. Bandari ya Siraf ilikuwa na watu wa kila namna, na pande mbili za Ghuba hazikuwahi kuwa ngeni kwa kila mmoja. Kutoka katika mfupa hatuwezi kumtoa Shiraz mtu aliyetoka Hormuz. Upande wa Afrika una tatizo kama hilo. Kwa miji ya kaskazini, mama hao wa Kiafrika walilinganishwa na watu wa Makwasinyi, ambao ni wa baada ya 1650, yaani karne nyingi baada ya mama wanaotafutwa. Ulinganisho huo unafaa kwa hesabu, lakini hautuambii mama hao walikuwa kabila gani wala walikaa wapi.

La tatu ni Uislamu. Makala inasema kwamba mchanganyiko ulianza wakati ule ule Uislamu ulipoenea kwa wingi. Msomaji wa haraka atafahamu kwamba dini ilikuja ndani ya damu. Msikiti wa Shanga umetangulia zaidi ya karne mbili. Kibla cha Kizimkazi kina maandishi ya Kufi ya mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107, na kinatuambia jina la aliyeamrisha na tarehe, lakini hakituambii rangi ya waliosali nyuma yake. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wake wengi ni Zanji, weusi sana, wenye chale nyusoni, na akawasifu kwa dini yao na wema wao. Dini hufundishwa. Mfupa hauwezi kusema nani alimfundisha nani.

La nne ndilo kubwa. Kromosomu Y za wanaume wa makaburi haya nyingi ni za asili ya Asia ya Kusini-Magharibi. Mitokondria zao karibu zote ni za Kiafrika. Maana yake ni wazi: wanaume walikuja, wanawake walikuwa wenyeji. Kwengine duniani sura kama hii huwa alama ya ushindi wa upanga na wanawake waliotekwa. Waandishi wanapendekeza kwamba hapa haikuwa hivyo. Kwamba wafanyabiashara waliingia kwa ndoa katika nyumba zilizokuwa tayari na nguvu, wakachukua mila za wake zao. Dalili zipo. Lugha iliyobaki ni ya mama. Lamu na Pate nyumba ilikuwa ikienda kwa binti, na mume ndiye aliyehamia. Ngazija mpaka leo nyumba ni ya mwanamke. Mapokeo ya Mombasa yanamweka Mwana Mkisi, mwanamke, mwanzo wa mji, kabla ya Shehe Mvita.

Tunakubali kwamba rai hiyo inaelekea kuwa kweli kwa nyumba nyingi. Hatukubali kwamba mifupa imeithibitisha. Mitokondria haina khati ya nikaha. Mke aliyeozwa na baba yake mbele ya mashahidi, na suria aliyenunuliwa mnadani, huacha alama ile ile mwilini mwa mtoto. Sheria yetu wenyewe inajua hivyo, ndiyo ikamfanya mtoto wa suria kuwa huru, mwenye nasaba kamili ya baba yake, mrithi pamoja na ndugu zake. Kwa ajili hiyo hiyo daftari la nasaba halikuhitaji kumtaja mama. Katika karne za 18 na 19 tunajua kwa hati kwamba masuria walikuwa wengi katika nyumba kubwa. Katika karne ya 11 hatuna hati. Kuichukua Lamu ya karne iliyopita na kuivisha Kilwa ya miaka 1000 nyuma ni kujaza pengo kwa matumaini. Ni matumaini mema, lakini mwanahistoria hana ruhusa nayo.

Baada ya kusema hayo tunageukia wasomaji, kwa sababu kuna uhakiki wa makala na kuna uhakiki wa wanaoisoma.

Hapa Ladywood, mtaa wa mifereji na majumba marefu ulio magharibi ya katikati ya Birmingham, wamo Waswahili kama walivyo watu wa kila bara. Vijana wetu wananunua vipimo vya vinasaba vya nyumbani, wanatema mate katika kichupa, wanakipeleka kwa posta, na baada ya wiki chache asilimia zinasomwa kwenye simu mbele ya wazee. Ndugu wawili wa tumbo moja hupata asilimia mbalimbali, nao hushtuka, na hakuna aliyewaambia kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa. Kampuni ikibadilisha orodha yake ya kulinganishia, asilimia hubadilika bila ya mtu kubadilika. Tumeona kijana akifurahi kuambiwa fungu lake la Uarabuni ni kubwa kuliko la binamu yake. Tumeona mzee akiikunja karatasi na kusema isionyeshwe tena, kwa kuwa upande wa bibi yake ulitaja nchi za bara ambazo nyumbani kwao hazikuwahi kutajwa.

Furaha na hofu hiyo havikuanzia kwenye kichupa. Zanzibar ya Waingereza iliwaandika watu kwa jamii zao, na jamii ikawa na faida na hasara zake, hata mtu akabadili jina la asili yake kwa kadiri ya wakati. Mwaka 1957 chama kizima kilijiita Afro-Shirazi, kwa kuunganisha majina mawili ambayo utafiti huu sasa unayakuta katika mwili mmoja. Baada ya 12 Januari 1964 jina hilo hilo la asili liliweza kumfukuza mtu nyumbani kwake au kumtoa roho. Wasomaji wengi wa jarida hili wako walipo kwa sababu hiyo. Basi asidhani mwanasayansi wa Boston kwamba anapoandika Mwajemi na Mwafrika anaandika juu ya mambo yaliyopoa. Wala mzee wa kwetu asidhani kwamba asilimia inaweza kumlipa alichonyang'anywa, au kuhalalisha alichonyang'anya mwengine.

Jirani na Ladywood, katika Edgbaston, kuna somo ambalo watu wa mji huu walipewa mapema. Mwezi Julai 2015 Chuo Kikuu cha Birmingham kilitangaza kwamba kurasa mbili za Qur'ani za khati ya Hijazi, zenye sehemu za sura za al-Kahf, Maryam na Taha, zimepimwa kwa kaboni huko Oxford. Ngozi yake ikaonekana kuwa ya baina ya mwaka 568 na 645, kwa uhakika wa asilimia 95.4. Kurasa hizo zilikuwa zimekaa miaka mingi katika mkusanyiko wa Mingana, zimejalidiwa pamoja na kurasa nyengine za baadaye, mpaka Alba Fedeli alipozitazama kwa jicho la khati. Magazeti yakakimbilia kusema kwamba Qur'ani hiyo huenda ikawa ya kabla ya Mtume. Wanavyuoni wakajibu kwa utulivu: kilichopimwa ni ngozi, yaani siku mnyama alipokufa. Wino haukupimwa. Ngozi huweza kungoja kabla ya kuandikwa, na tarehe zile zote zinaelekeana vyema na zama za Mtume na Masahaba.

Somo hilo ndilo tunalolitumia hapa. Mifupa ya Mtwapa ni ngozi. Historia ya Waswahili ni maandishi juu yake. Anayeijua ngozi anajua kitu cha hakika na cha thamani, na bado hajaisoma hata herufi moja. Tukumbuke pia kwamba hata kupima ngozi kunaweza kukosewa. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa mtu wa pango la Mota, Ethiopia, aliyeishi yapata miaka 4,500 iliyopita, ukidai kwamba damu ya Ulaya na Asia ilirudi na kuenea karibu Afrika nzima. Mwanzoni mwa 2016 waandishi wenyewe walitangaza kwamba hatua moja ya kompyuta ilikosewa, na dai la kuenea bara zima likaondolewa. Waliungama hadharani na haraka, nasi tunawaheshimu kwa hilo. Wangapi kati yetu wanahistoria tumefanya hivyo?

Limebaki suala la wafu wenyewe. Mwislamu anajua kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai, na wapo waliouliza kwa haki kwa nini makaburi ya Waislamu yatobolewe kwa ajili ya udadisi. Kusimba ameeleza kwamba alikaa miaka mingi na watu wa pwani kabla ya kupata ridhaa ya wazee, na kwamba mabaki yalipasa kuzikwa tena baada ya kuchukuliwa kiasi kidogo. Hiyo ni adabu nzuri kuliko tuliyoizoea kutoka kwa watafiti wa zamani, waliojaza makabati ya majumba ya makumbusho kwa mafuvu ya watu. Lakini ridhaa ya wazee wa mji wa leo si lazima iwe ridhaa ya wazao wote, maana wazao wengine wako Muscat, Dubai na Birmingham, na hawakuulizwa. Tunashauri watakaofanya kazi kama hii Unguja na Pemba, ambako kaburi na msikiti bado vina wenyewe, wawatafute wenyewe hao popote walipo, wawaeleze kwa Kiswahili na kwa Kiarabu kabla hawajaeleza kwa Kiingereza, na wawarejeshee matokeo kabla ya magazeti.

Nasi tuna deni letu. Utafiti huu umewaonyesha mama ambao hakuna hati yetu hata moja inayowataja. Katika miti ya nasaba inayoletwa kwa jarida hili, iliyoandikwa kwa khati nzuri na kutiwa muhuri, mtu anaweza kushuka vizazi kumi na tano asikutane na jina la mwanamke. Wake wanaotajwa ni wale waliotoka katika kabila linalojulikana. Mmanyema, Mnyasa, Mzaramu, Mhadimu, Mgiriama, aliyelea watoto na kuwafundisha lugha wanayoandikia nasaba hiyo, ameachwa nje ya karatasi. Waliokuwa suria wameachwa kwa aibu, na waliokuwa wake wa halali wameachwa kwa mazoea. Kwa mifupa tumejua kwamba walikuwako. Majina yao mifupa haina.

Majina yako kwa watu walio hai, na hao ni wazee, na wanapungua kila mwaka. Kwa hivyo tunaziomba familia zetu jambo moja kabla ya kununua kichupa chengine: aulizwe bibi aliyebaki mama yake aliitwa nani, na mama wa mama yake, na wapi alizaliwa, na alifika vipi katika nyumba hiyo. Jawabu iandikwe kama ilivyosemwa, bila kupambwa, na nakala iletwe kwa jarida. Mwanasayansi hawezi kuifanya kazi hiyo kwa ajili yetu, kwani anachokihitaji hakimo katika mfupa wa sikio.

Kwa jumla, utafiti wa 2023 ni hatua kubwa. Umeondoa rai mbili zilizopitiliza, ile ya kuwa kila kitu kililetwa na ile ya kuwa hakuna aliyekuja. Umezidisha maneno pale ulipoziita nyumba chache kuwa pwani nzima, na pale ulipoikaribisha dini katika hesabu ya damu. Juu ya ndoa na utumwa umesema zaidi ya unavyojua. Anayetaka kuunukuu katika nasaba yake anukuu na mipaka yake. Wallahu aalam.